Daktari bingwa wa macho si mpima miwani

Wengi bado huamini kazi ya daktari wa macho ni kupima miwani. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa optometria, na ana shahada yake. Anayetibu uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, hapa Tanzania husoma udaktari miaka 5, utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka 1, ubingwa wa macho miaka 3 au zaidi, na wengine huendelea na ubingwa bobezi, yaani kubobea katika eneo moja la tiba ya macho. Mbona safari ndefu hivyo? Kwa sababu chanzo mara nyingi hakiko kwenye jicho: huweza kuwa kifua kikuu, kaswende, au kinga ya mwili inayoushambulia mwili wenyewe. Ndiyo maana unakwenda na jicho jekundu lisilovumilia mwanga, unatumwa ukapigwa picha ya kifua. Daktari hajakosea fomu.