Valvu Ikipuliza Msikimbie

Tena jamani! Juzi mtu kanitumia video ya trakta la mvuke, la kampuni ya Burrell, safi kabisa, valvu ya usalama inapuliza, Waingereza wamekaa zao kwenye nyasi wanakula chipsi, na yeye kaandika "hawa hawajipendi, hilo bomu". Nimeshaeleza mara ngapi?

Valvu ikipuliza maana yake presha imefika pale ilipowekwa na ziada inatoka. Basi. Kwetu waendesha mitambo ya mvuke hiyo ni aibu tu, fundi kachochea moto kupita kiasi, makaa ya mawe yanateketea bure na siku hizi kuyapata ni shughuli, tangu mgodi wa Ffos-y-fran kule Wales ufungwe 2023. Na lile wingu jeupe hata sio mvuke, ni matone ya maji, mvuke wenyewe hauonekani, ila tuyaache hayo.

Kinachoua ni maji kupungua. Paa la tanuri liko ndani ya boila, chini moto, juu maji, na hayo maji ndio yanalipoza, sasa yakishuka paa likabaki wazi chuma kinaiva kinalegea, presha ileile ya kila siku inakibonyeza mpaka kinapasuka, halafu sehemu ya maji, ambayo yalishapita nyuzi 100 zamani, inageuka mvuke kwa mpigo. Geji ya presha haitakwambia kitu. Ndio maana pale juu kuna plagi yenye madini ya risasi, iyeyuke mapema mvuke umwagikie moto na wewe ushtuke.

Vitabu vinasema "angalia glasi ya maji", yaani kile kioo kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila, kwisha. Nyie! Twende Tarrant Hinton kule Uingereza, yalikofanyika maonyesho ya mvuke ya Great Dorset Steam Fair mpaka 2022, ule uwanja una miinuko. Tanuri liko nyuma, glasi nayo nyuma, ukipanda maji yanarudi nyuma glasi inajaa unajiona tajiri, ukivuka kilele tu yote yanakimbilia mbele, umefilisika, na paa liko wazi. Maji yakitoa povu ndio uongo mtupu. Mimi mpaka leo naisafisha glasi mara mbili na bado siiamini, na ukiniuliza nusu glasi kwenye mteremko ni salama kwa dakika ngapi sina jibu, nafungua injekta, kile kifaa cha kuingiza maji kwenye boila.

Injekta nayo hugoma. Imenitokea mara mbili, nikamwaga moto wote chini haraka haraka. Valvu ilikuwa kimya kabisa, na hakuna aliyerekodi video.