Neno la Kiingereza hutawaliwa na upande wake wa kulia

Nafundisha mofolojia ya Kiingereza, yaani jinsi maneno yake yanavyoundwa, hapa Dodoma, na swali ninalopenda kulianzia darasani ni hili: “grape wine” na “wine grape” zina tofauti gani? Katika mkoa unaolima zabibu swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa ya kwanza ni kinywaji kilichomo chupani, na ya pili ni tunda lililoko shambani kule Hombolo au Makutupora, la aina inayopandwa ili isindikwe kuwa mvinyo. Maneno ni yaleyale mawili, ila yamepishana nafasi. Wanafunzi wengi hujibu kinyume, na sababu yao inaeleweka: wanasoma Kiingereza kwa kanuni ya Kiswahili.

Katika maneno ambatani ya Kiswahili, nomino iliyo kuu hutangulia. Batamaji ni bata, garimoshi ni gari, askarikanzu ni askari, na kinachofuata hueleza tu ni wa namna gani. Kiingereza huweka kilicho kikuu mwishoni, ndiyo maana “rainwater” ni maji, “steamship” ni meli, “houseboat” ni mashua, ilhali “boathouse” ni banda la kuhifadhia mashua. Mwaka 1981 mwanaisimu Edwin Williams aliipa kanuni hii upana zaidi, akaeleza kwamba kichwa cha neno, yaani sehemu inayoamua neno zima ni la aina gani, kiko kulia, liwe limeundwa kwa kuambatanishwa au kwa viambishi.

Upana huo ndio wenye faida kubwa kwa msomaji. “Happy” ni kivumishi, na “unhappy” hubaki kivumishi, kwa sababu “un-” imekaa kushoto na haigusi aina ya neno. Ukipachika “-ness” upande wa kulia, neno hugeuka nomino papo hapo. Vivyo hivyo kivumishi “modern” huwa kitenzi kikipata “-ise”, kisha “modernisation” huwa nomino, na kila mara kiambishi cha mwisho ndicho chenye kauli. Kijana wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili, akakutana ghafla na biolojia na jiografia kwa Kiingereza, angefundishwa kutazama mkia wa neno kabla ya kukaririshwa orodha za msamiati. Hata maana ikimpita, “-tion” itamwambia kwamba ana nomino mbele yake, na “-able” kwamba ana kivumishi, naye ataweza kuipanga sentensi kichwani. Naliamini hili kwa dhati, na ninasikitika kuona linavyoachwa hadi chuo kikuu.

Kanuni ina vighairi vyake. Kiambishi “en-” hukaa kushoto, lakini hugeuza kivumishi “large” kuwa kitenzi “enlarge”. Cheo cha “Attorney General”, tunachokisikia kila mara katika jiji hili la serikali, kichwa chake kiko kushoto, kwa kuwa lugha ya sheria ya Uingereza ilirithi mpangilio wa Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Ndiyo sababu alama ya wingi hukaa katikati: “attorneys general”.

Zaidi ya upande, kuna suala la tabaka, maana viambishi haviingii vyote kwa pamoja. Kwa vitenzi, “un-” hufanya kazi inayofanana na kauli yetu ya kutendua: “lock” na “unlock” kama funga na fungua, “fold” na “unfold” kama kunja na kunjua. Kwa vivumishi, “un-” hukanusha tu, kama katika “unfair”. Sasa tazama “unlockable”. Ikiwa “-able” ilitangulia kuingia, tulipata “lockable”, kinachofungika kwa ufunguo, na “un-” ikaja kukanusha: kisichofungika. Ikiwa “un-” ilitangulia, tulipata “unlock”, na neno zima likawa na maana ya kinachoweza kufunguliwa. Mlango mmoja, neno moja, maana mbili zinazopingana, na herufi hazionyeshi lolote. Kiswahili hakina utata huu, kwa sababu utenduzi wetu uko mwishoni mwa kitenzi na ukanushi una viambishi vyake mbali kabisa.

Viambishi awali visipuuzwe kwa kuwa havitawali aina ya neno, kwani mamlaka yake yako katika maana. Kile cha kukanusha kilichotoka Kilatini hubadilika kufuata sauti inayokifuata: “incorrect”, “impossible”, “illegal”, “irregular”. Msemaji wa Kiswahili asishangae, kwani naye husema nyumba ndefu lakini nyumba mbovu, kwa sababu ileile ya midomo kujiandaa mapema. Hatari iko kwenye “in-” nyingine, pia ya Kilatini, isiyokanusha. Malori ya mafuta yanayopita Dodoma kuelekea Singida yakiandikwa “inflammable”, anayedhani kwamba “in-” ni ya ukanushi atasoma kuwa shehena haishiki moto. Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha, kwa hiyo maana yake ni sawa kabisa na “flammable”: kinachowaka kwa urahisi. Kwa usalama wa watu, “flammable” ndilo linalostahili kuandikwa kwenye tangi.