Makiyaji ya kale ya jukwaani: kinachokusanywa ni nini hasa?

Anayekusanya makiyaji ya kale ya jukwaani hatafuti vipodozi vya kujipamba. Anatafuta rangi zilizotengenezwa ili uso wa mwigizaji uonekane vizuri hata kwa aliyeketi nyuma kabisa, pamoja na vifaa vyake: makopo ya poda, gundi ya ndevu, nywele za bandia, sanduku la bati lililobeba vyote.

Moyo wa mkusanyo huu ni kijiti cha rangi ya mafuta. Zamani waigizaji wa Ulaya walijipaka poda, na nyeupe yake mara nyingi ilikuwa ya madini ya risasi, sumu iliyoharibu ngozi. Jasho liliichuruzisha poda hiyo. Taa za gesi, zilizoingia kumbi za London mwaka 1817, ziliongeza joto na kuanika kila kasoro. Baadaye Wajerumani wakachanganya rangi na mafuta, na Ludwig Leichner, mwimbaji wa opera, akafungua kiwanda Berlin mwaka 1873 akiuza vijiti vyenye namba. Waigizaji wa Uingereza walizoea kuchanganya namba 5, nyeupe ya pembe ya ndovu, na namba 9, nyekundu ya tofali. Mwaka 1914 Max Factor, mhamiaji kutoka Polandi, alitoa huko Los Angeles rangi laini ya filamu, kwa sababu ile nzito ilipasuka usoni mbele ya kamera.

Rangi hizo zilipangwa kwa ngozi ya Wazungu. Zile nyeusi na za kahawia nzito zilitumika sana kuwageuza Wazungu kuwa Waafrika wa kuigiza. Zinaumiza kuzitazama, lakini zihifadhiwe: ni ushahidi.

Kwetu Lubumbashi, Kongo, maana hii ya mkusanyo lazima ipanuke. Jengo la 30 Juin lilijengwa miaka ya 1950 likiwa ukumbi wa teatre, na Mufwankolo, mwigizaji wa vichekesho wa hapa, na kundi lake waliigiza kwa Kiswahili chetu kwa miongo mingi. Kopo la poda lililobaki nyuma ya jukwaa la hapa, masizi, udongo mweupe wa mpemba uliosagwa kwa ajili ya mvi za mzee wa mchezoni: vyote vinastahili kabati moja na kijiti cha Berlin. Mimi ningetoa vijiti vitatu vipya kupata kimoja kilichotumika hapa, ikiwa yupo anayekumbuka kilimpaka nani, katika mchezo gani. Andika maelezo hayo siku ileile; wazee wanaondoka nayo.

Mafuta na nta hulainika kwa joto la mwezi wa kumi, na masika hutia bati kutu. Funga kijiti kwa karatasi safi, kilaze mahali pakavu pasipofikiwa na jua, na usifute alama za vidole vya mwigizaji aliyekitumia. Usikijaribu usoni kamwe: nyekundu ya zamani huweza kuwa na zebaki. Kopo lisilo na lebo lishike kwa glavu.