Marehemu: dua iliyojificha ndani ya neno

Jeneza likiwa mbele na safu zinanyooshwa, husimama mtu wa familia akatangaza: "Mwenye kumdai marehemu aje kwetu." Tangazo hili tumelisikia mara nyingi mno, hata neno lake zito tumelizoea. "Marehemu" limetoka kwenye Kiarabu marhum, yaani aliyerehemewa. Kila tunapomtaja hivyo, tunamwombea, hata tukiwa hatuna habari.

Nalianzia hapo kwa sababu watu wengi wanaokuja kuniuliza kuhusu dini huja na hofu kuliko matumaini. Wamefundishwa moto kabla ya kufundishwa Rahmani, jina la Mwenyezi Mungu la Mwingi wa Rehema.

Shina la neno ni herufi tatu: ra, ha, mim. Ndizo zilizozaa rahma, Rahman na Rahim, na ndizo zilizozaa pia rahim, mji wa mimba. Wala si sadfa ya lugha tu. Katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, Mwenyezi Mungu anasema Yeye ni Rahman, ameumba huo undugu wa tumbo na kuupa jina lililotokana na jina Lake. Mwenye kuuunga naye atamuunga, mwenye kuukata naye atamkata. Ndiyo maana kumtembelea shangazi mliyenuniana ni ibada.

Sura 113 kati ya 114 za Qur'ani hufunguliwa kwa majina yale mawili ya Mwenyezi Mungu, Rahman na Rahim. Wafasiri wengi husema Rahman ni rehema inayomfikia kila kiumbe, aliyeamini na asiyeamini, na Rahim ni ile wanayohusishwa nayo waumini. Tofauti hiyo ina faida, lakini Mtume (s.a.w.) alipotaka masahaba waielewe rehema, aliwaonyesha mama.

Umar bin Khattab (r.a.) anasimulia kwamba waliletwa mateka, na miongoni mwao mwanamke akihangaika huku na huku. Akamwona mtoto, akamnyakua, akamkumbatia tumboni na kumnyonyesha. Mtume akauliza: "Mnaona mwanamke huyu anaweza kumtupa mwanawe motoni?" Wakasema hapana, maadamu ana uwezo wa kutomtupa. Akasema: "Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwahurumia zaidi waja wake kuliko huyu kwa mwanawe." Mimi sijaona somo la akida lililofikishwa kwa karibu kuliko hili. Na katika hadithi nyingine, rehema ni sehemu mia: moja tu imeteremshwa duniani, na kwa hiyo moja farasi huinua kwato asimkanyage mtoto wake. Tisini na tisa zimewekwa kwa Siku ya Kiyama.

Kwa hiyo huniuma ninaposikia, hata msibani, watu wakinong'ona kwamba fulani kwa maisha yale hana lake huko. Mtume alisimulia habari ya mtu aliyeapa: "Wallahi, Mungu hatamsamehe fulani." Mwenyezi Mungu akasema: ni nani huyu anayeniapia kwamba sitamsamehe fulani? Nimemsamehe, na amali zako wewe nimezibatilisha. Aliyeangamia pale ni mwenye kuapa. Na Sura ya Az-Zumar, aya ya 53, inawaita hasa waliojidhulumu nafsi zao: msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Baadhi ya vijana huniambia, basi tustarehe, tutatubu uzeeni. Waisome Sura ya Al-Hijr, aya ya 49 na 50, zikiwa pamoja: ya kwanza inataja msamaha na rehema, ya pili adhabu iumizayo. Tena toba ina sharti lake pale ilipoguswa haki ya mtu: kilichochukuliwa kirudishwe, au mwenyewe asamehe. Huwezi kula mali ya yatima kisha ukalia msikitini ukadhani yamekwisha.

Ndipo lilipo chimbuko la lile tangazo la mbele ya jeneza. Mtume aliletewa maiti, akauliza kama ana deni. Wakasema ndiyo, dinari tatu. Akawaambia: "Mswalieni mwenzenu," yeye mwenyewe asimswalie. Sahaba Abu Qatada (r.a.) akasema: "Mswalie, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, deni lake liko juu yangu." Hapo ndipo akamswalia.