Mbwa akinywa pombe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Video ya mbwa anayepepesuka baada ya kulamba bia haikosi watu wa kuicheka. Kinachochekesha ni kwamba anafanana na mlevi tunayemjua, na makosa mengi yanaanzia hapo, kwenye kumpima mbwa kwa mwili wa binadamu. Kile tunachokiita kulewa, kwake ni dalili za sumu. Na mara nyingi sumu yenyewe haikutoka kwenye chupa ya pombe.

"Kidogo tu hakimdhuru"

Kidogo kwa nani? Chupa ya bia ya mililita 330 yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 13 za ethanoli, ambayo ndiyo kileo chenyewe. Akiinywa mtu wa kilo 70, kila kilo ya mwili wake inapata karibu gramu 0.2. Akiimaliza mbwa wa kilo 5, kila kilo yake inapata gramu 2.6, yaani mara 14 zaidi. Kiwango kinachotajwa na wataalamu wa sumu za wanyama kuwa kinaweza kumuua mbwa ni gramu 5.5 hadi 7.9 kwa kila kilo. Mbwa huyohuyo anaufikia mpaka wa chini kwa mililita 90 hivi za pombe kali ya asilimia 40, glasi ndogo iliyosahaulika sakafuni kando ya kochi. Dalili zinaanza mapema sana kabla ya hapo, na watoto wa mbwa huzidiwa kwa kiasi kidogo zaidi.

Wapo pia wanaosema mbwa hana kabisa uwezo wa kuvunja pombe mwilini. Si kweli, ini lake lina vimeng'enya vya kazi hiyo kama letu. Anachokosa ni uzito, pamoja na akili ya kujizuia mbele ya kinywaji kitamu chenye krimu na sukari.

"Kwangu hakuna mnywaji, kwa hiyo hakuna hatari"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu anayeiamini haangalii jikoni kwake.

Chukua kinyunga cha mkate kilichoachwa mezani kiumuke. Mbwa akikimeza kibichi, tumbo lake lina joto la nyuzi 38 hadi 39, na hamira hustawi kwenye joto kama hilo. Inaendelea kula sukari ya unga na kutoa vitu viwili: ethanoli, inayoingia kwenye damu, na gesi ya kaboni dioksidi, inayolitunisha tumbo. Tumbo lililojaa hivyo linaweza kujisokota, na likijisokota ni upasuaji wa dharura. Kwa hiyo mbwa mmoja anakabiliwa na hatari mbili kwa wakati mmoja, na mwenye nyumba hajui kama kuna pombe yoyote iliyohusika. Mkate uliokwisha kuiva ni habari nyingine, kwani moto umeshaua hamira na kufukuza sehemu kubwa ya kileo.

Kisha kuna kitakasa mikono. Vingi vina kileo cha asilimia 60 hadi 70, kukizidi hata kile cha pombe kali. Kichupa cha mfukoni cha mililita 50 chenye kileo cha asilimia 70 kinatosha kumfikisha yule mbwa wa kilo 5 kwenye gramu 5.5 kwa kilo. Mbwa kulamba kiganja ambacho dawa imeshakauka si tatizo. Tatizo ni kichupa kilichotafunwa. Baadhi ya bidhaa hizo hutumia isopropanoli badala ya ethanoli, na sumu yake ni kali karibu mara mbili.

Matunda yanayooza chini ya mti nayo huchacha. Mwaka 2001 madaktari wa mifugo wa Ufaransa waliripoti mbwa aliyepata sumu ya ethanoli baada ya kula matufaha yaliyooza. Keki yenye zabibu kavu zilizolowekwa kwenye ramu ni mbaya maradufu, maana zabibu zenyewe zinaweza kuharibu figo za mbwa. Na anayejitengenezea bia nyumbani asitupe ovyo mabaki ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Yanaweza kupandisha joto la mwili wa mbwa hadi kupita nyuzi 41, na mbwa akafa kwa joto hilo.

"Pombe humpasha joto"

Kinyume chake. Hutanua mishipa ya damu ya ngozini, joto likatoka nje, na mbwa akapoa wakati ubongo wake umeshazubaa kiasi cha kushindwa kujirekebisha. Ile picha ya mbwa wa Saint Bernard mwenye kipipa cha brandi shingoni, anayewaokoa wasafiri kwenye theluji ya Alpi, ilienezwa na mchoro wa Mwingereza Edwin Landseer wa mwaka 1820. Hakuna ushahidi kwamba mbwa wale walibeba vipipa, na ni bora, kwani aliyepigwa na baridi kali angepewa kinywaji cha kumzidishia baridi.

"Spiriti ya viroboto ni ya nje tu"

Kileo hupita kwenye ngozi, hupita mapafuni kwa mvuke, na mbwa hujilamba. Akimwagiwa mwili mzima anaweza kupata sumu sawasawa na aliyekunywa. Isitoshe, manyoya yaliyolowa spiriti hushika moto kwa urahisi.

"Mwache alale, ataamka"

Huenda ataamka. Lakini anayelala usingizi wa sumu si sawa na anayelala. Kwa tumbo tupu dalili huonekana ndani ya nusu saa hadi saa moja. Akiwa amekula, zinaweza kuchelewa hadi saa mbili hivi. Anaanza kudondosha mate, kutapika, kuyumba, kushindwa kuinuka. Nyuma ya hayo yanayoonekana, sukari ya damu inashuka, damu inazidi asidi, pumzi zinapungua. Wengine hupata degedege. Anayekufa kwa kawaida hufa kwa kushindwa kupumua, au kwa kuvuta matapishi mapafuni akiwa hana fahamu.

Ndiyo maana kumtapisha nyumbani mbwa aliyekwisha kulegea ni kumhatarisha. Kumtapisha kwa chumvi ni kubaya zaidi, kwa sababu chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Kahawa pia isimkaribie: haiondoi pombe, na kafeini humdhuru mbwa. Maji baridi ya kumwamshia humwongezea ubaridi ambao tayari ni tatizo. Hata mkaa wa dawa, unaosaidia kwenye sumu nyingi, haunasi ethanoli vizuri. Kazi ya kufanya ni kumweka mahali penye joto, kumlaza kwa ubavu ikiwa hajiwezi, na kumpigia daktari wa mifugo ukiwa na mambo manne mkononi: alichokula, kiasi, saa, na uzito wake. Chupa au pakiti nenda nayo. Huko atapewa dripu na sukari, atapashwa joto, na akilazimika atasaidiwa kupumua. Wengi wanaofikishwa mapema hupona.

"Pombe ni dawa ya sumu nyingine"

Hapa kuna ukweli uliopindishwa. Maji ya rangi yanayotiwa kwenye rejeta ya gari mara nyingi yana etilini glaikoli, kitu kitamu kinachomvutia mbwa. Saa za mwanzo huyumba kama mlevi, kisha huonekana amepata nafuu, na baada ya siku moja hadi tatu figo zinagoma. Sumu halisi hutengenezwa na ini linapoivunja ile glaikoli, na ethanoli ikiwepo hukishughulisha kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Kwa sababu hiyo madaktari wameitumia kwa miaka mingi, mshipani na kwa kipimo, ingawa siku hizi wengi wanapendelea dawa ya fomepizoli. Lazima ianze ndani ya saa chache za kwanza. Anayemnywesha mbwa pombe kali nyumbani kwa hesabu ya kichwa humtia sumu ya pili juu ya ya kwanza, kisha humpelekea daktari mbwa ambaye si rahisi kujua kinachomwangusha ni glaikoli au ni pombe.