Ndege haileti mvua Julai

Jamani nimechoka kujibu hili swali kwenye simu, acha niliandike mara moja. Kiangazi kikikaza hapa Tabora lazima nitaulizwa: we si mtu wa hali ya hewa, mbona Wamarekani wanapiga mawingu dawa kwa ndege ili yanyeshe, kipindi cha baridi wanapata mvua, sisi Julai tunakula vumbi tu, serikali si ilete hiyo ndege?

Kwanza hiyo baridi. California baridi yao ndio masika yao, kuanzia kama Novemba mpaka Aprili dhoruba zinatoka Pasifiki zinapiga milimani, yaani miezi ile ile na sisi huku tunayopata mvua. Kule Santa Barbara wakitaka kuongeza maji kwenye vidakio vya mabwawa yao, yaani eneo lote ambalo maji yake yanatiririkia bwawani, wanasubiri dhoruba ije yenyewe, hakuna anayerusha ndege kwenye anga jeupe. Sasa Julai yetu sisi ni upepo mkavu wa kusini mashariki, hewa ya juu inashuka, wingu la maana hulioni mpaka Urambo, hiyo dawa unaimwagia nini? Ng'ombe asiye na maziwa humkamui hata ukinunua ndoo mpya.

Halafu dawa haitengenezi maji! Inayotumika sana ni iodidi ya fedha (fedha ile madini, si hela), chembe zake zimekaa kama za barafu. Ndani ya wingu kunakuwa na matone yamepoa chini ya sifuri lakini hayajaganda kwa kukosa cha kugandia, ukiyapa hiyo chembe, kuanzia kama nyuzi 5 chini ya sifuri, barafu inaanza, inakua, inakuwa nzito inadondoka, njiani ikikuta joto inayeyuka inakuwa mvua. Basi. Na kwetu huku sifuri yenyewe unaikuta kama kilomita 5 juu, kwa hiyo yale majiko ya kuchomea dawa wanayoweka mlimani wenzetu, hapa ni kuchoma hela. Kuna njia ya chumvi kwa mawingu ya joto, lakini nayo inataka wingu, tusizungushane.

Mnaotaka maji kweli wekeni magata. Bati la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20 tu, ni lita 1,000, na mtu anaiangalia inachimba korongo uani halafu Agosti ananipigia simu habari za ndege.

Wengine wanasema eti ukipiga dawa mvua inakuwa mara mbili. Wapi! Jimbo la Wyoming huko huko Marekani walijaribu miaka kadhaa, ripoti ya 2014 ikasema nyongeza ni kama asilimia 5 mpaka 15, tena kwenye dhoruba zinazofaa tu, na nyingi hazifai. Kwa kidakio kizima cha bwawa la umeme hayo ni maji mengi, ndio maana kule Idaho, jimbo lingine la Marekani, kampuni ya umeme inalipia kila msimu. Ila kwenye shamba lako la ekari mbili hutaona tofauti.

Mafuriko ya Dubai Aprili 2024 nayo yamekuwa wimbo, eti yaliletwa na dawa ya mawingu. Karibu na Al Ain ilinyesha milimita 254 ndani ya siku moja, hakuna dawa inayoweza hivyo, ile dhoruba ilitabiriwa siku kadhaa kabla na Oman nao ikawapiga.

Kuhusu sumu, iodidi ya fedha karibu haiyeyuki kwenye maji na inamwagwa kidogo mno kwa eneo kubwa, wakipima theluji ya kule wanakopiga dawa wanakuta fedha kiduchu sana. Na ile mistari myeupe nyuma ya ndege za abiria ni mvuke wa injini umeganda, haihusiani kabisa.

La mwisho nililisikia kwa mtu mzima na akili zake: Kigoma wakipiga dawa, Tabora tutanyimwa. Wingu linadondosha sehemu ndogo tu ya mvuke unaopita juu, unaobaki unaendelea na safari yake, na hata hivyo mvua ikipungua huku hamjawahi kuwauliza Kigoma, mnaniuliza mimi.