Uongo unaowalia hela wanaotaka kujifunza urubani

Ngoja niseme haya maana naona watu wanachagua shule kwa kuangalia picha ya ndege tu.

"Ndege ya zamani ni hatari." Jamani hapana. Cessna 152, vile vindege vya viti viwili, zilitengenezwa 1977 mpaka 1985 na hadi leo zinafundisha watu, ishu ni matengenezo siyo umri. Usiulize ni ya mwaka gani, omba kitabu cha hitilafu ukifungue mwenyewe, soma marubani wameandika nini na fundi kasaini lini. Ukikuta redio ileile imelalamikiwa mara tatu na hakuna sahihi ya fundi, au wanakuzungusha tu hawataki ukione, ondoka. Ila ka 152 kana shida ya uzito kweli, mwisho ni kilo 757 pamoja na ndege yenyewe, so wewe na mwalimu mkiwa na miili mikubwa hamjazi matangi ya mafuta.

"Saa 40 za kuruka zinatosha." Hicho ni kima cha chini tu cha leseni ya rubani binafsi, Marekani 40, Ulaya 45, na wengi wanafika 60 na zaidi. Bajeti ya saa 40 itakuacha njiani. Halafu uliza wanahesabuje saa, maana mita ya Hobbs, ile inayohesabu saa ndani ya ndege, kwa kawaida inaanza injini ikiwaka tu, kwa hiyo hata ule muda umesimama kwenye foleni ya kuruka unaulipia.

"Ndege ya bawa la juu ni rahisi kutua, ya bawa la chini ni ngumu." Kutua utajifunza kokote. Tofauti ninayoiona mimi ni mafuta: kwenye Cessna 172 (bawa la juu) swichi ya kuchagua tangi iko sakafuni, unaiweka itumie matangi yote mawili basi, kwenye Piper PA-28 (bawa la chini) unahamisha mwenyewe kushoto kulia, ukisahau injini inaweza kuzima na tangi la pili limejaa.

"Shule yenye ndege mpya ya skrini badala ya vipimo vya mishale ndiyo bora." Hii ndo iliniumiza. Shule yangu ya kwanza ilikuwa na moja tu, inang'aa kweli, ikaingia gereji wiki tatu na niliporudi mikono imesahau, nikaanza kutua upya kwa hela yangu. Kwa hiyo ukienda uliza ndege ngapi zinaruka leo, siyo ngapi zimepaki, na mwalimu wako ana wanafunzi wangapi, na yeye akiondoka nani anakuchukua.